Namna ya Kucheza Michezo Miwili Ukiwa Mwanafunzi wa Chuo Kidogo Mwanza

Katika chuo chenye wanafunzi mia chache, timu ya mpira wa kikapu haiundwi kwa kuchuja watu. Huundwa kwa kuwasihi. Beki mrefu wa soka huombwa aje aokoe jahazi, golikipa huambiwa kwamba mwenye mikono kama yake hawezi kukosa nafasi kwenye mpira wa mikono, na binti aliyeng'ara katika netiboli tangu enzi za UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, hujikuta ameandikwa kwenye timu ya wavu kabla hata hajaulizwa. Hivyo ndivyo wanafunzi wengi wanavyoingia kwenye michezo miwili: hakuna aliyepanga, ila chuo ni kidogo na watu hawatoshi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi wa namna hiyo, awe anasomea ualimu Butimba, uvuvi Nyegezi, mipango Kisesa au uhasibu katika mojawapo ya matawi ya vyuo yaliyopo mjini Mwanza.

Nchini Marekani, ambako michezo ya vyuo ina fedha nyingi kuliko ligi kuu za nchi kadhaa, wachezaji wa michezo miwili huonekana zaidi katika vyuo vidogo. Vyuo vya daraja la tatu la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, haviruhusiwi kutoa ufadhili wa masomo kwa sababu ya kipaji cha michezo, kwa hiyo hakuna kocha anayeweza kudai kwamba mchezaji amelipiwa kwa ajili ya mchezo wake peke yake. Kwetu hali inakaribiana na hiyo. Mchezaji wa chuo anayeelekea kwenye mashindano ya vyuo ya SHIMIVUTA, au kwenye UMISAVUTA kwa wale wa vyuo vya ualimu, kwa kawaida amejilipia ada mwenyewe au amelipiwa na wazazi, na uhuru wa kucheza michezo miwili anao. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumpangia.

Hapo ndipo shida yote inapoanzia. Kocha wa soka anaona mazoezi ya soka. Kocha wa kikapu anaona mazoezi ya kikapu. Mhadhiri anaona kiti kitupu. Hakuna hata mmoja wao anayeuona mzigo wote, na kila mmoja, kwa nia njema kabisa, hukuongezea kidogo kwa upande wake. Anayeuona mzigo mzima ni wewe peke yako, kwa hiyo kazi ya kupanga, kuhesabu na kukataa ni yako, hata kama una miaka 20 na makocha wote wawili ni watu wazima wa kuamkiwa shikamoo.

Chagua mchezo mkuu wa muhula

Swali la kwanza lisiwe unapenda mchezo gani zaidi. Uliza ni viungo gani vinachoshwa na kila mchezo, na kama vinafanana. Kikapu na wavu, kwa mfano, huonekana kama ndugu kwa sababu vyote vinataka warefu, lakini vyote viwili ni michezo ya kuruka na kutua, na mzigo wa kuruka huangukia sehemu ileile: kano iliyo chini ya kilegesambwa cha goti. Mchezaji anayefanya yote mawili kwenye uwanja wa saruji hupata maumivu ya goti yanayoanza taratibu, yanayopungua akipasha misuli moto na kurudi baada ya mchezo, na kwa kuwa hayamzuii kucheza huyapuuza mpaka yanapomkalisha chini. Soka na mbio fupi nazo hugombania misuli ya nyuma ya paja, hasa pale mchezaji anapotoka kwenye mechi ya Jumatano na kuingia Alhamisi kwenye mazoezi ya mita 100 akiwa bado hajalegea.

Kwa maoni yangu, jozi iliyo bora kwa chuo kidogo ni ile ambayo mchezo mmoja unakimbiza miguu na mwingine unafundisha mikono na macho. Golikipa wa soka anayecheza kikapu hunufaika pande zote mbili, maana kudaka, kupima umbali wa mpira wa juu na kuruka kwa wakati ni mambo yanayohamishika. Mkimbiaji wa mita 1,500 anayecheza soka kama kiungo huleta pumzi uwanjani, ilimradi mbio zake za wiki zipunguzwe wakati wa mashindano.

Netiboli na kikapu kwa wasichana ni jozi inayopendwa sana, na inahitaji tahadhari mbili. Ya kwanza ni ya kanuni: netiboli hairuhusu kudunda mpira ukisonga nao, mwenye mpira anatakiwa auachie ndani ya sekunde 3, na mlinzi anapaswa kukaa umbali wa mita 0.9 kutoka kwenye mguu wa mwenye mpira. Anayetoka kwenye kikapu siku hiyohiyo huadhibiwa kwa kusogea, na anayetoka kwenye netiboli huenda kwenye kikapu akisimama kama nguzo wakati ana nafasi ya kupenya. Ya pili ni ya goti. Kusimama ghafla baada ya kudaka mpira hewani huvuta kano za ndani ya goti, na wanawake huumia kano ya mbele ya goti mara nyingi zaidi ya wanaume katika michezo ya aina hii. Anayecheza yote mawili ajifunze kutua kwa miguu miwili, magoti yakiwa yamekunjwa na yakielekea mbele badala ya kuingia ndani, na alifanye jambo hilo kuwa zoezi la kila siku la dakika chache.

Ukishaamua jozi, taja mmoja kuwa mchezo mkuu wa muhula huo. Muhula ujao unaweza kugeuza. Mchezo mkuu ndio unaopata mazoezi makali, siku za mechi na usingizi wa kabla ya mechi. Mchezo wa pili unapata unachobakiza. Anayejaribu kuitendea haki michezo yote miwili kwa kipimo sawa ndani ya muhula mmoja huishia kuwa mchezaji wa akiba kotekote.

Almanaki kwanza, jezi baadaye

Kabla ya kuandikishwa popote, chukua almanaki ya masomo ya chuo na ratiba za timu zote mbili, kisha uziandike kwenye ukurasa mmoja. Weka alama kwenye wiki za majaribio, tarehe za kuwasilisha kazi za vikundi, wiki ya mafunzo kwa vitendo na mitihani ya mwisho. Katika vyuo vingi alama za maendeleo ya muhula hubeba asilimia 40 na mtihani wa mwisho asilimia 60, na asiyefikisha kiwango cha chini kwenye zile 40 haruhusiwi kufanya mtihani wenyewe. Mwanafunzi akikosa majaribio mawili kwa sababu ya safari za timu mbili, hesabu humwendea kombo mapema sana, na hakuna kombe linalofuta supu, yaani mtihani wa marudio. Vyuo vingi pia hudai mahudhurio ya asilimia 75 au zaidi. Soma kanuni za chuo chako mwenyewe. Usitegemee maneno ya waliokutangulia, kwa sababu kanuni hubadilika na waliokutangulia hukumbuka zile zilizowafaa.

Safari ya timu haimwondolei mtu jaribio mpaka iwe na karatasi. Barua ya ruhusa hutoka kwa mratibu wa michezo, hupitia kwa mshauri wa wanafunzi, na nakala yake hufika kwa kila mhadhiri mwenye kipindi au jaribio siku hizo. Ipeleke kabla ya kusafiri, ana kwa ana, na uulize papo hapo jaribio la fidia litafanyika lini. Mhadhiri aliyeombwa mapema huwa mwepesi wa kukubali. Aliyeletewa barua wiki moja baada ya jaribio huona anapigwa chenga. Mwachie na kiongozi wa darasa nakala moja, kwa sababu ndiye anayejua kipindi kimehamishiwa chumba gani.

Suala la usajili nalo lisisubiri. Uliza mapema kama kanuni za mashindano mnayokwenda zinamruhusu mchezaji mmoja kuandikwa kwenye michezo miwili, na kama ratiba ya uwanjani inaiweka michezo hiyo saa tofauti. Swali hilo liulizwe kabla majina hayajapelekwa, kwani likiulizwa baadaye timu moja hukosa mtu na lawama zote hukuangukia wewe.

Zungumza na makocha wote siku moja

Makocha wa vyuo vidogo mara nyingi ni walimu wenye vipindi vyao, na timu huifundisha kwa mapenzi. Wanachokichukia si mchezo wako wa pili; wanachukia kushtukizwa. Kwa hiyo wafuate wote wawili siku moja, ili asiwepo anayesikia habari zako kwa golikipa. Nenda na ule ukurasa wa ratiba mkononi, na useme mambo kwa tarehe. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Mbona leo mapema?"

"Nina jambo ningependa ulijue kabla majina hayajabandikwa. Muhula huu soka ndiyo itakayotangulia. Kwenye kikapu nitakuja Jumanne na Ijumaa, ila wiki yenye mechi ya soka Jumatano, Jumanne yake sitakimbia. Nitapiga mitupo huru tu na kukaa na wenzangu."

"Sasa nikikuhitaji Jumamosi?"

"Jumamosi nipo, mwalimu, isipokuwa tarehe hizi tatu nilizoziandika hapa."

Kocha anaweza kununa. Muda huo usijitetee kwa maneno mengi. Mwachie nakala ya ratiba na umwambie utapita tena kesho kusikia maoni yake. Ikiwa makocha wawili wanavutana kwa ajili yako, usiwe mjumbe wa kupeleka maneno huku na huko. Mpelekee jambo hilo mratibu wa michezo, au Waziri wa Michezo wa serikali ya wanafunzi, ambaye kazi yake hasa ni hiyo, ingawa wengi humkumbuka siku ya kugawa jezi peke yake.

Daftari la mzigo

Sehemu hii ndiyo muhimu kuliko zote, na haihitaji zaidi ya daftari na kalamu. Wataalamu wa mazoezi wana njia rahisi ya kupima mzigo: kama nusu saa baada ya mazoezi au mechi, mchezaji hujiuliza zoezi zima lilikuwa gumu kiasi gani kwa kipimo cha 0 hadi 10, ambapo 0 ni kupumzika na 10 ni kujitoa kwa nguvu zote, kisha huzidisha namba hiyo kwa dakika alizofanya mazoezi. Jibu ndilo mzigo wa siku. Uzuri wake ni kwamba kipimo kimoja kinapima soka, kikapu, mbio na hata kupanda mlima, kwa hiyo michezo miwili inaweza kujumlishwa kwenye safu moja.

Chukua wiki ya mwanafunzi wa Nyegezi anayecheza soka kama mchezo mkuu. Jumatatu alifanya mazoezi ya soka dakika 90 kwa ugumu wa 6, akapata 540. Jumanne alicheza kikapu dakika 75 kwa ugumu wa 7, akapata 525. Jumatano ilikuwa mechi ya soka, dakika 90 kwa ugumu wa 9, yaani 810. Alhamisi alipumzika. Ijumaa alifanya mazoezi mepesi ya kikapu, dakika 60 kwa ugumu wa 4, yaani 240. Jumamosi alicheza mechi ya kikapu na pamoja na kupasha misuli ikafika dakika 70 kwa ugumu wa 8, yaani 560. Jumapili alikwenda ibadani na kufua. Jumla ya wiki ni 2,675.

Namba hiyo peke yake haina maana. Maana inatokana na kuilinganisha na wiki zilizopita. Wiki inayofuata isizidi sana pale ilipofikia wiki hii, na wengi hutumia asilimia 10 kama kikomo cha tahadhari, ambacho hapa kingekuwa kama 2,940. Hicho ni kipimo cha busara tu, na mwili wa mtu mmoja hautii hesabu kama wa mwingine, lakini mruko kutoka 1,500 kwenda 3,000 ndani ya wiki moja, ambao hutokea kila mara likizo inapokwisha na timu zote mbili zinapoanza maandalizi siku moja, ni mwaliko wa majeraha. Utazame pia mgawanyo wenyewe. Katika mfano huu Jumanne ndiyo yenye kasoro: kikapu cha ugumu wa 7 siku moja kabla ya mechi ya soka ni kikubwa mno. Kingeshushwa kuwa dakika 40 kwa ugumu wa 3, Jumanne ingekuwa 120, mchezaji angeingia kwenye mechi akiwa na miguu yake, na kocha wa kikapu bado angemwona uwanjani.

Pembeni ya namba, andika mambo mawili kila asubuhi: umelala kwa muda wa saa ngapi, na wapi panauma. Kijana anayefanya michezo miwili anahitaji saa 8 za usingizi au zaidi, na bweni lenye watu sita na spika moja haliwezi kumpa hizo bila makubaliano. Ukiona maumivu ya mahali palepale kwa siku tatu mfululizo, au usingizi umeshuka wiki nzima, punguza mchezo wa pili bila kusubiri kuambiwa. Mwonyeshe kocha daftari lenyewe. Aliyepitia Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya, kule Kwimba, huenda akaitambua hesabu hiyo mara moja. Asiyeitambua atajua angalau kwamba huendi kumdanganya.

Saa za Mwanza

Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo mwanga wa jua haukupi nafasi ya kuchezea. Jua huchomoza kati ya saa 12 na nusu na saa 1 asubuhi, na jioni giza linaingia karibu na saa 1, mwaka mzima. Vipindi vikiisha saa 10 jioni una takribani saa mbili na nusu za uwanja, na hizo hazitoshi kwa timu mbili zilizo sehemu tofauti za mji. Mazoezi ya alfajiri ya saa 11 hufanyika gizani, na kwenye kiwanja chenye mawe yaliyochomoza, kama vilivyo viwanja vingi vya mji huu wa miamba, kukimbia gizani ni kukitafutia kifundo cha mguu ajali. Kwa hiyo kanuni ni kutofanya mazoezi ya timu mbili jioni moja. Ukilazimika, mazoezi ya mchezo mkuu yawe uwanjani na ya mchezo wa pili yawe ya ufundi tu, karibu na bweni: kudunda mpira, kurusha ukutani, kupiga pasi.

Hesabu na nauli pia. Kutoka Nyegezi kwenda katikati ya mji ni kama kilomita 10, na daladala za jioni hujaa. Anayekwenda kwenye viwanja vya Mirongo kwa ajili ya kikapu na kurudi, mara mbili kwa wiki, awe ameitenga nauli hiyo kwenye bumu, yaani fedha ya mkopo wa mwanafunzi, tangu siku linapoingia, au atafute wenzake wawili wachangie bajaji. Safari za mechi za upande wa Sengerema na Geita zimekuwa nyepesi tangu Daraja la Kigongo–Busisi lilipozinduliwa Juni 2025, kwa kuwa sasa timu haikai foleni ya kivuko. Mechi ya Geita inaweza kuchezwa na watu wakarudi kulala chuoni, jambo linalokuachia siku ya pili yenye vipindi kamili.

Viatu ni suala fupi. Njumu ni za nyasi na udongo, raba zenye soli tambarare ni za saruji, na hakuna jozi moja inayofaa kotekote. Nyasi bandia za Uwanja wa Nyamagana hushika kiatu kuliko udongo, kwa hiyo tumia njumu fupi pale ili mguu usikwame wakati mwili unageuka. Mitumba mizuri hupatikana Mlango Mmoja kwa anayefika asubuhi. Ikunje soli kwa mikono miwili kabla ya kulipa, na ikiwa inapindia katikati ya unyayo badala ya kwenye vidole, iache.

Kupasha misuli moto kunastahili mstari zaidi. Programu ya FIFA iitwayo 11+ inachukua kama dakika 20, inaanza na kukimbia taratibu, inafuata mazoezi ya nguvu, usawa wa mwili na kuruka, inamalizia na kukimbia kwa kasi na kukata kona, na tafiti zimeonyesha inapunguza majeraha kwa timu zinazoifanya kwa uaminifu. Ilibuniwa kwa soka, ila kuitumia pia kabla ya kikapu au netiboli kuna mantiki, maana magoti na vifundo ni vilevile.

Kula kwa mfuko wa mwanafunzi

Mchezaji wa michezo miwili huharibikiwa kwa kula kidogo kuliko kwa kula vibaya. Mwenye kilo 65 anahitaji takribani gramu 90 hadi 130 za protini kwa siku, na Mwanza ni mahali ambapo hilo linawezekana bila poda za kopo. Dagaa wakavu wa ziwani wana protini zaidi ya nusu ya uzito wao, na kwa kuwa huliwa wazima na mifupa, huleta pia madini ya chokaa. Wachambue, waoshe mchanga kwa maji ya moto, kisha uwaunge na karanga. Sato ni mtamu zaidi lakini bei yake ni ya siku ya bumu. Maharage, mayai na maziwa mgando hujaza pengo la siku zilizobaki.

Nguvu ya kukimbia, hata hivyo, hutoka kwenye wanga, na hapa ugali, wali na viazi vitamu havina aibu yoyote. Kula mlo kamili saa tatu kabla ya mechi. Kwa wanaotoka kipindini moja kwa moja kwenda uwanjani, mfuko wa matobolwa (viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa) na karanga kiasi, vikiliwa saa moja kabla ya mazoezi, ni bora kuliko soda na andazi, na havihitaji jokofu. Baada ya mazoezi usisubiri chakula cha usiku cha saa 3. Kunywa uji au maziwa mara unapofika bwenini.

Kwa maji, jipime uzito kabla na baada ya mazoezi siku moja moja. Kila kilo iliyopungua ni takribani lita moja ya jasho, na inafaa kurudisha lita moja na robo hadi moja na nusu kwa saa chache zinazofuata, pamoja na chakula chenye chumvi. Msichana ambaye hedhi yake imekatika tangu aanze kucheza timu mbili asiichukulie kama nafuu. Mara nyingi ni dalili kwamba mwili haupati chakula cha kutosha, na mifupa ndiyo inayolipa. Aende kituo cha afya.

Ziwa, malaria na damu

Baada ya mazoezi ya jioni, ziwa huita. Vyuo kadhaa viko hatua chache kutoka ufukoni, na kuna timu zinazojitosa majini ili kupooza miguu kama walivyoona wachezaji wa Ulaya wakifanya kwenye mapipa ya barafu. Usifanye hivyo. Maji ya kandokando ya Ziwa Victoria yana konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na vimelea hivyo hupenya kwenye ngozi ndani ya dakika chache. Kichocho cha tumbo kinaweza kumfanya mchezaji achoke bila sababu inayoonekana, apungukiwe damu na kupata choo chenye damu, na kocha atadhani ni uvivu au michezo miwili imemzidi. Aliyekwisha kuoga ziwani, au aliyekulia visiwani au ufukoni, apime. Dawa ya prazikwanteli ipo na inafanya kazi. Miguu ipoozwe kwa ndoo ya maji ya bomba.

Malaria nayo haimalizwi na kushuka kwa homa. Maliza dawa mseto ya siku tatu, kisha rudi kwa hatua: kutembea, kukimbia taratibu, mazoezi bila kugongana, ndipo mechi. Bandama huweza kuvimba wakati wa malaria, na kiwiko cha tumboni kwenye kikapu kinaweza kuipasua, kwa hiyo daktari akupime tumbo kabla ya kurudi kwenye mchezo wa kugongana. Katika wiki hizo rudi na mchezo mmoja tu.

Jambo la tatu halizungumzwi sana viwanjani. Kanda ya Ziwa ina wagonjwa wengi wa selimundu (sikoseli), maana yake kuna vijana wengi zaidi wanaobeba chembe moja tu ya urithi ya ugonjwa huo bila kuumwa na bila kujua. Mbebaji anaweza kucheza mchezo wowote, lakini akisukumwa kwenye mbio kali mfululizo, akiwa na kiu na kwenye joto, anaweza kuanguka kwa namna ya hatari. NCAA huwataka wanamichezo wa vyuo vyake wathibitishe hali yao ya selimundu kabla ya kushiriki, hata wale wa vyuo vidogo. Kwetu hakuna anayekuuliza, basi jiulize mwenyewe: kipimo hufanyika hospitali, na majibu yakiwa ni ubebaji, mwambie kila kocha kwamba unahitaji maji, mapumziko kati ya mbio na kuongezewa mzigo polepole. Yule wa mchezo wa pili ndiye anayesahaulika.

Ratiba zikigongana, na wakati wa kuacha

Hata kwa mpango mzuri, siku itafika ambapo nusu fainali ya soka na robo fainali ya kikapu zimepangwa saa ileile. Uamuzi wa siku hiyo uwe umekwisha kufanywa mwanzoni mwa muhula: mchezo mkuu unatangulia. Kucheza kipindi cha kwanza huku na kukimbilia kule kwa bodaboda ukiwa umevaa njumu ni hadithi nzuri ya kusimulia bwenini, ila unaingia uwanjani misuli imepoa, na timu zote mbili zimepanga kikosi bila uhakika.

Kuna hali tatu ambazo zinatosha kuacha mchezo wa pili katikati ya muhula: jeraha lililorudi mara ya pili mahali palepale, alama za maendeleo zilizo chini ya kiwango cha kuruhusiwa kufanya mtihani, na daftari linaloonyesha wiki tatu za usingizi mbovu. Moja ikitokea, mwone kocha wa mchezo huo kabla ya mazoezi yanayofuata, mwonyeshe daftari, na umtajie mchezaji wa mwaka wa kwanza ambaye umemwona anaweza kushika nafasi yako. Jitolee kumfundisha kwa mazoezi mawili, ukisimama pembeni bila kukimbia. Jezi irudishwe ikiwa imefuliwa, na iende kwa mtunza vifaa mwenyewe, asaini kwenye kitabu chake.